Sindano Isiyo na Dawa: Uhakiki wa Istilahi za Tiba ya Misuli na Mazoezi Yake

Istilahi haipimwi kwa uzuri wake mezani pa mfasiri. Hupimwa kwa kazi inayoifanya inapomfikia mtu aliyekusudiwa. Kanuni hii twaijua sote, na mara nyingi tumeirudia katika kurasa kama hizi. Hata hivyo, ni rahisi kuisahau tunapokuwa na orodha ndefu ya maneno ya kigeni upande wa kushoto wa karatasi na nafasi tupu upande wa kulia. Katika makala haya tutachunguza karatasi moja tu ya maelekezo, ya ukurasa mmoja, iliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wagonjwa. Tutaonyesha jinsi istilahi zake chache zilivyomfikisha msomaji wake mahali ambapo mwandishi wa asili hakukusudia kabisa.

Karatasi hiyo tuliletewa na dada yetu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi ameandika ubaoni akiwa ameinua mkono wa kulia, na msuli unaotoka shingoni kwenda begani ulikuwa umemkaza kiasi cha kushindwa kugeuza kichwa. Alikwenda kutibiwa, akadungwa sindano nyembamba katika msuli huo, akapewa karatasi ya maelekezo, akarudi nyumbani. Kwa siku nne mfululizo alikaa bila kuutumia mkono, ameufunga kwa kanga. Siku ya tano bega lilikuwa gumu kuliko lilivyokuwa mwanzo. Tulipomwuliza kwa nini hakufanya mazoezi aliyoelekezwa, alijibu kwa utulivu: "Naisubiri dawa ifanye kazi kwanza."

Hapakuwa na dawa yoyote. Sindano ile haikuwa na kitu ndani yake. Dada yetu si mjinga, wala hakuisoma karatasi kwa haraka. Aliisoma kama anavyosoma kila kitu, neno kwa neno, na akayatii maneno kama yalivyo katika Kiswahili anachokijua. Kosa ni la maneno, na hilo ndilo linalotupa haki ya kulijadili hapa.

Tiba yenyewe

Kabla ya kuhakiki majina, yafaa tukieleze kitu chenyewe. Katika miaka ya 1940 daktari wa Marekani, Janet Travell, ambaye baadaye, mwaka 1961, alikuwa daktari wa Rais John F. Kennedy, alikuwa akitibu maumivu ya misuli kwa kudunga dawa ya ganzi mahali palipokaza. Mwaka 1979 Karel Lewit, daktari wa Chekoslovakia, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya wagonjwa 241 waliokuwa na maumivu mahali 312. Aliona kwamba katika asilimia 86.8 ya mahali hapo maumivu yalipungua mara tu baada ya sindano kuingia barabara, ingawa haikuwa na dawa. Hoja yake ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitokana na sindano yenyewe. Mwaka 1983 Travell na mwenzake David Simons walitoa kitabu chao kikubwa kuhusu maumivu ya misuli, na tangu hapo tiba hii imeenea katika nchi nyingi, hasa mikononi mwa wataalamu wa fiziotherapia.

Sindano inayotumika si ile ya hospitali tuliyoizoea. Ile ya hospitali ina tundu katikati la kupitisha dawa. Hii haina tundu. Ni uzi wa chuma, unene wake mara nyingi ni kama robo ya milimita. Huingizwa katika sehemu ya msuli iliyokaza, msuli hushtuka kidogo, kisha hulegea. Kulegea huko kwa kawaida ni kwa muda tu. Ili msuli usirudie hali yake ya kwanza, mgonjwa hutakiwa kuutumia: kwanza kwa mijongeo myepesi, mara nyingi siku hiyo hiyo, kisha kwa kazi inayoongezeka kidogo kidogo katika siku na wiki zinazofuata. Kwa maneno mengine, sindano hufungua mlango, na mazoezi ndiyo yanayoingia ndani. Mgonjwa anayekaa akisubiri huuacha mlango ujifunge tena.

Kwa hiyo jambo moja ambalo karatasi ya maelekezo haina budi kulisema waziwazi ni hili: kazi iliyobaki ni yako wewe mgonjwa. Tuone basi kama istilahi zilizotumika zililisema.

(i) "Sindano kavu"

Jina la Kiingereza la tiba hii lina maneno mawili, moja la ukavu na jingine la sindano, na mfasiri ameyahamisha yote mawili kama yalivyo. Kwa sarufi hana kosa, kwani "sindano kavu" yasimama vizuri kama "nguo kavu". Tatizo liko katika maana.

Kwanza, tulichunguze neno "sindano". Katika Kiswahili cha leo neno hili lina maana mbili zinazokaribiana mno. Ni chombo chenye ncha, na pia ni dawa yenyewe inayopitishwa humo. Mtu husema "nimepigwa sindano tatu" akiwa na maana ya dozi tatu. Bara husema "kuchoma sindano", Kenya husikika zaidi "kudunga sindano", na mahali pengine "kupiga sindano", lakini popote pale msikilizaji huelewa kwamba dawa imeingia mwilini. Na mila yetu ya kutumia dawa iko wazi: dawa ikishaingia, mgonjwa hupumzika ili "imshike". Hivyo neno la kwanza tu katika kichwa cha karatasi lilikwisha kumwelekeza dada yetu kitandani.

Pili, neno "kavu". Katika lugha ya asili neno hilo liliwekwa kwa kulinganisha na sindano yenye maji ya dawa, nalo hueleweka kwa yule tu anayejua kwamba kuna ya pili. Katika Kiswahili ukavu una njia zake. Chai kavu ni chai isiyo na kitafunio. Ugali mkavu ni ugali usio na kitoweo. Hadi hapo maana ya kukosa kitu chaonekana, na mfasiri angeweza kujitetea kwa mifano hiyo. Lakini kunyolewa kavu ni kunyolewa bila maji, na ndiyo maana wahenga wakatuambia mwenzako akinyolewa nawe tia maji. Ukavu wa namna hii ni wa kuumizwa bila huruma. Mgonjwa anayeambiwa kwamba atachomwa sindano kavu hafikirii kwamba hakuna dawa ya kutibu. Hufikiri kwamba hatatiwa ganzi. Tumeuliza watu kadhaa wasioijua tiba hii, na wengi wao walijibu hivyo.

Liko jina jingine lililopendekezwa, nalo ni "sindano tupu". Lina faida ya kusema wazi kwamba ndani hamna kitu. Hata hivyo, utupu katika Kiswahili una aibu yake. Maneno matupu hayaaminiki, na mikono mitupu haikaribishwi sana. Mgonjwa aliyelipia sindano tupu atajiona ametapeliwa.

Hapa inatupasa tutazame jinsi Kiswahili chenyewe kilivyozitaja tiba za mwili tangu zamani. Tuna kuchua, na mchuaji. Tuna kukanda. Tuna kuumika, na mwumishi, na chuku yake. Tuna kuunga mfupa. Kila moja ya tiba hizi imeitwa kwa kitendo kinachofanyika. Hakuna hata moja iliyoitwa kwa kitu isichokuwa nacho. Kuchua hakukuitwa "tiba isiyo na kisu". Kwa kufuata mwendo huo, twapendekeza udungaji wa misuli, na kitenzi chake kudunga msuli. Katika maelekezo kwa wagonjwa, mara ya kwanza jina linapotajwa, liongezewe maneno "bila dawa". Mtendwa katika jina hili ni msuli, wala sindano haitajwi. Tena ni vema kwamba "kudunga" kumewahi kutumika kwa kushona shanga na kutoga masikio: ni kuingiza ncha nyembamba kwa uangalifu, wala si kuunguza kama "kuchoma".

Yafaa pia kuonya kwamba jina hili lisichanganywe na tiba ya sindano ya Kichina, ambayo wengi wetu tunaijua, kwani madaktari wa China walianza kufanya kazi Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Sindano zaweza kufanana, lakini tiba ya Kichina hufuata njia za mwili zilizopangwa katika elimu yake yenyewe, hali udungaji wa misuli hufuata mahali msuli ulipokaza. Vitu viwili, majina mawili.

(ii) "Msuli" na "kukaza"

Karatasi yaanza maelekezo yake hivi: "Kabla ya mazoezi, legeza msuli wako." Msomaji wa pwani atacheka, na ana haki. Katika mwambao msuli ni pia nguo ya kujifunga kiunoni avaayo mwanamume, na kuulegeza hadharani si jambo la kuagizwa na mganga. Neno lenyewe hatuna haja ya kulikataa, kwa kuwa limekwisha kuenea katika vitabu vya shule. Ingetosha kuandika "misuli ya bega" ili utata utoweke. Twaitaja dosari hii ndogo ili kuonyesha kwamba mfasiri anayefanya kazi peke yake, bila msomaji wa pili kutoka sehemu nyingine ya nchi, hawezi kuiona.

Dosari iliyo kubwa zaidi ni katika "kukaza". Karatasi yatumia kitenzi hiki mara sita kwa maana mbili zinazopingana. Mara yasema misuli "iliyokaza" ndiyo ugonjwa, mara yamwagiza mgonjwa "kaza misuli kwa sekunde tano", kana kwamba ndiyo dawa. Lugha ya asili ilikuwa na maneno mawili mbalimbali, moja la hali mbaya ya kudumu na jingine la kitendo cha hiari kinachopita. Aidha, kukaza katika Kiswahili mara nyingi ni sifa njema: mtu hukaza mwendo, hukaza moyo, hukaza kamba. Dada yetu aliona agizo la kukaza kile kilichokwisha kukaza, akaona heri aliache.

Twapendekeza hali ya ugonjwa iitwe kukakamaa, na nomino yake mkakamao. Neno hili halina sifa njema ndani yake, nalo laonyesha kitu kilichopoteza ulaini wake. Kitendo cha hiari kibaki kuwa kukaza. Ama ile hali ya ghafla inayomshika mtu usiku mguuni na kupita, hiyo ina jina lake tayari katika vinywa vya watu, yaani kubanwa na msuli, wala isiitwe mkakamao.

(iii) "Nukta ya kufyatulia" na "mshtuko"

Mahali palipokakamaa zaidi, ambapo pakibonyezwa maumivu huenda hata sehemu nyingine, karatasi yapaita "nukta ya kufyatulia". Jina la Kiingereza lachukua mfano wake katika bunduki, na mfasiri ameichukua bunduki pamoja na risasi zake. Mgonjwa gani atapenda kuambiwa kwamba begani mwake pana kifyatulio? Wananchi wana neno lao: husema wana fundo. Twaona fundo la msuli latosha kabisa. Tahadhari moja inahitajika. Wataalamu hadi leo hawakubaliani kuhusu fundo hilo ni nini hasa, na wengine wana shaka kama linavyoelezwa ndivyo lilivyo. Istilahi ni jina tu la kile mkono unachokigusa, wala haipaswi kuahidi zaidi ya hapo. Kwa hiyo mfasiri asiongeze kwamba sindano "hufungua fundo", maana hapo atakuwa ametoa hukumu ambayo wataalamu wenyewe hawajaitoa.

Kushtuka kwa msuli sindano inapoingia kumeitwa "mshtuko". Neno hili ni zito mno. Katika habari za afya watu hulihusisha na moyo, na mgonjwa aliyesoma kwamba atapata mshtuko atauliza kama atazinduka. Kiswahili husema jicho linacheza, mdomo unacheza. Basi na tuseme msuli hucheza. Ni neno jepesi, lajulikana hata na mtoto, nalo laeleza kitu kile kile: mtikisiko mdogo usiotokana na hiari ya mtu.

(iv) "Maumivu"

Baada ya kudungwa, msuli huuma kwa kiasi kwa siku moja au mbili, na kwa kawaida hali hiyo huisha kabla ya saa 72. Lugha ya asili hutofautisha maumivu ya namna hii na maumivu ya kuumia. Karatasi imeyaita yote mawili "maumivu". Matokeo yake ni sentensi mbili zinazogongana. Katika moja mgonjwa aambiwa kwamba maumivu ni ya kawaida na aendelee na mazoezi. Katika nyingine aambiwa kwamba akipata maumivu aache mazoezi mara moja. Atii ipi?

Hapa twasikitika kwa sababu neno lilikuwapo, tena neno zuri, na mfasiri hakulitafuta. Neno hilo ni mavune. Mavune ni kule kuuma na kuchoka kwa viungo kunakomfuata mtu aliyefanya kazi nzito. Aliyelima shamba siku nzima baada ya kiangazi kirefu huamka kesho yake na mavune. Hamwendei mganga wala hajifungi kanga. Anajua kwamba ni ujira wa kazi na kwamba yatapita, na tena anajua kwamba yakiwa hayajaisha, dawa yake ni kurudi shambani polepole, viungo vipate joto. Elimu hii yote imo ndani ya neno moja, nayo ndiyo hasa mtaalamu anayotaka mgonjwa awe nayo. Ukimwambia mgonjwa, "Kesho utakuwa na mavune, usiogope, endelea kuujongesha mkono," umemaliza kwa sentensi moja aya nzima ya karatasi ile.

Twapendekeza basi mavune ya sindano kwa kuuma kunakofuata udungaji, na mavune ya mazoezi kwa kule kunakofuata mazoezi mapya. Neno maumivu liachiwe yale yanayopaswa kumrudisha mgonjwa kwa mtaalamu. Kuna watakaosema kwamba vijana wa mjini hawalijui neno hili. Hiyo ni sababu ya kulifundisha. Istilahi nyingi tunazozitumia leo ofisini hazikujulikana na mtu yeyote siku zilipotangazwa.

(v) "Mazoezi"

Tumefika kwenye kiini cha jambo. Karatasi yasema "Fanya mazoezi", na mistari minne chini yake yasema "Usifanye mazoezi makali kwa masaa 24". Tuliache kosa la "masaa", ambalo walimu wamelipigia kelele kwa miaka mingi. Tuangalie neno mazoezi lenyewe.

Shina lake ni zoea. Zoezi ni kitendo cha kujizoeza, cha kukirudia kitu hadi mwili au akili ikubali. Hiyo ndiyo maana halisi inayohitajika hapa. Lakini katika matumizi ya kila siku neno limegawanyika. Shuleni zoezi ni maswali ya kujibu daftarini. Mtaani mazoezi ni kukimbia alfajiri, kucheza mpira, kunyanyua vyuma na kutoka jasho. Dada yetu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliposoma "mazoezi" alituambia: "Mimi mtu mzima, nikakimbie wapi?" Hakujua kwamba alichotakiwa kukifanya ni kupandisha mabega hadi karibu na masikio na kuyashusha mara kumi, na kugeuza shingo kulia na kushoto, asubuhi, mchana na jioni. Upande mwingine yuko kijana wa mpira ambaye akisoma neno hilo hilo atakwenda uwanjani jioni ile ile na kuutesa msuli uliotoka kudungwa. Neno moja limewapoteza wote wawili, kila mmoja kwa upande wake.

Dawa yake ni kulipa neno mazoezi sifa zake, kila aina kwa jina lake:

Mjongeo mwepesi ni kukijongesha kiungo bila mzigo, kadiri kinavyokubali. Ndio wa siku ya kwanza.

Kunyoosha ni kuuvuta msuli taratibu ukiwa umetulia, bila wenyewe kufanya kazi.

Zoezi tuli ni kukaza msuli bila kiungo kujongea, kama mtu anayesukuma ukuta.

Zoezi la kufupisha ni msuli kufanya kazi huku ukifupika, kama kuinua ndoo ya maji kutoka chini.

Zoezi la kurefusha ni msuli kufanya kazi huku ukirefuka, kama kuishusha ndoo ile polepole, isimwagike.

Tofauti kati ya kunyoosha na kurefusha si ya kupoteza muda. Karatasi imeziita zote mbili "kunyoosha", na hivyo sehemu yake ya tatu, inayohusu kuujengea msuli nguvu kwa kushusha uzito mdogo polepole, imesomeka kama marudio ya sehemu ya pili. Msomaji mwenye akili huruka marudio. Ndivyo sehemu muhimu kuliko zote ilivyorukwa.

Ama kuhusu muda, maneno "saa 24" ni sahihi, lakini si lazima yawe bora. Mkulima au mama wa nyumbani huelewa haraka zaidi akiambiwa "hadi kesho wakati kama huu". Aidha, agizo la kukataza halikamiliki bila agizo la kuruhusu. Ukimwambia mtu asinyanyue kitu kizito hadi kesho, mwambie papo hapo kwamba kupika, kutembea na kujongesha mkono anaruhusiwa, tena anatakiwa. Bila hivyo, katazo humeza agizo, na karatasi nzima hugeuka kuwa "pumzika".

(vi) "Kuhema"

Tumeiweka dosari hii mwisho kwa kuwa ndiyo inayoweza kugharimu uhai. Sindano inayodungwa karibu na kifua, shingo au juu ya bega yaweza, mara chache, kufika kwenye pafu na kuruhusu hewa kuingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Dalili zake ni kushindwa kuvuta pumzi vizuri na maumivu ya kuchoma kifuani, na zaweza kutokea saa kadhaa baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Kila karatasi ya namna hii haina budi kuonya juu ya jambo hilo.

Karatasi yetu imeonya hivi: "Ukihema sana, pumzika." Kuhema ni kile afanyacho mtu aliyepanda ngazi. Kwa kuwa onyo limewekwa chini ya kichwa cha mazoezi, msomaji atalielewa kuwa lahusu jasho na uchovu. Atapumzika, kama alivyoagizwa, wakati ambapo angepaswa kukimbizwa hospitalini. Maneno yanayofaa yapo: kubanwa na pumzi, na kichomi kifuani. Kichomi ni neno la zamani la maumivu makali ya kuchoma ubavuni au kifuani mtu avutapo pumzi, na hakuna Mswahili atakayelisikia akadhani ni uchovu. Onyo lisomeke hivi: "Ukibanwa na pumzi hata bila kufanya kazi, au ukipata kichomi kifuani, nenda hospitali mara moja." Liwekwe peke yake, juu ya ukurasa, mbali na mazoezi.

Utetezi wa mfasiri

Haitakuwa haki kumaliza bila kumtetea mfasiri. Karatasi yake haina makosa ya kivivu. Sentensi zake zimenyooka, na hakuna mahali alipochanganya lugha. Alifanya kile ambacho wengi wetu hukifanya: alitafuta kwa kila neno la kigeni neno moja la Kiswahili, akaliweka. Inawezekana hakupewa nafasi ya kuonana na mtaalamu wala na mgonjwa. Inawezekana aliambiwa karatasi inatakiwa kesho.

Wako pia watakaosema kwamba mtaalamu humweleza mgonjwa kwa mdomo, kwa hiyo karatasi si kitu. Hoja hii haisimami. Mgonjwa hukumbuka sehemu ndogo ya alichoambiwa akiwa amelala na sindano begani. Karatasi ndiyo inayokwenda naye nyumbani, ndiyo inayosomwa na mume, mke au mtoto wake, na ndiyo inayobaki ukutani. Wengine watasema tuyaache majina ya kigeni kama yalivyo, kwa kuwa wataalamu wamekwisha kuyazoea. Hatuwakatazi wataalamu kuzungumza wao kwa wao kama wapendavyo. Lakini anayetakiwa kuinua bega mara kumi asubuhi, mchana na jioni si mtaalamu.

Funzo tunalolipata ni kwamba karatasi za tiba zahitaji watu watatu: mfasiri, mtaalamu wa fani, na msomaji wa kawaida anayeisoma kwa mara ya kwanza kisha akaulizwa swali moja tu: "Utafanya nini kesho asubuhi?" Jibu lake likitofautiana na kusudi la mwandishi, istilahi zirudishwe mezani, hata kama kila moja ni sahihi kwa kamusi.

Mapendekezo yetu, kwa ufupi, ni haya: udungaji wa misuli badala ya "sindano kavu", mkakamao badala ya "kukaza" kwa maana ya ugonjwa, fundo la msuli badala ya "nukta ya kufyatulia", msuli kucheza badala ya "mshtuko", mavune kwa kuuma kunakopita, pamoja na yale majina matano ya mazoezi. Hatudai kwamba yote yatakubaliwa. Wasomaji wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu huenda wana maneno bora zaidi kwa vitu hivi, na wachuaji na wakandaji wa vijijini wanayo mengi ambayo hayajapata kuandikwa. Twawaomba watuletee.

Ama dada yetu, tulimwandikia karatasi nyingine kwa mkono, ya mistari minane, tukampelekea mtaalamu wake aikague kwanza. Mstari wa kwanza ulisema kwamba katika sindano ile hapakuwa na dawa, na kwamba dawa ni mkono wake mwenyewe. Aliusoma, akaikunjua kanga, akauliza aanze na bega lipi.